Barua Isiyofika Bariadi: Maneno juu ya Kuchunguza Gari Kabla na Baada ya Kulinunua

(Hotuba iliyosemwa mjini Bariadi mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu. Imechapwa humu kwa ombi la wajumbe.)



Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya bei ya pamba, juu ya mbegu na dawa, na juu ya deni na akiba. Mimi nimeombwa niseme juu ya magari, kwa kuwa miaka mingi ya utumishi wangu katika ushirika nimeimaliza katika kazi ya uchukuzi. Huenda wengine wakaona jambo hili ni dogo kwa sherehe kubwa kama hii. Lakini tazameni hapo nje chini ya miti. Magari yaliyowaleta kutoka Nkololo na Dutwa, kutoka Lagangabilili, Mwanhuzi, Maswa na Nyashimo, ndiyo hayo hayo yatakayowarudisha kwa watoto wenu jioni. Kitu chenye kubeba maisha ya watu hakiwezi kuwa kidogo.

Tena wakati wenyewe ndio huu. Vyama vingi vya msingi vimeanza kuweka akiba, na kila kamati yenye akiba hutaka kununua gari: huyu Fuso la kubebea pamba, huyu gari dogo la ofisi, na yule trekta. Ni jambo jema. Nami leo nataka kusema neno moja tu, na mkilishika hilo mtakuwa mmenishika mimi mzima. Neno lenyewe ni hili: gari laweza kukaguliwa na kuonekana zima kabisa, na huku lina kasoro ambayo kiwanda kilicholitengeneza kimekwisha kuikiri mbele ya dunia. Nasi tusijue, kwa sababu barua ya kuarifu ilipelekwa kwa mwenye gari wa kwanza, ng'ambo ya bahari. Bariadi haikufika.

MIZANI YA WAZEE WETU

Wazee waliokaa hapa mbele wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, jinsi ushirika wa pamba ulivyoanza katika nchi hii ya Usukuma. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani. Mtu alilima, akapalilia, akachuma, akabeba pamba yake kichwani mpaka kwa mfanyabiashara, na huko akaambiwa uzito ambao yeye hakuweza kuusoma. Marehemu Paul Bomani na wenzake wakawakusanya wakulima, vyama vya msingi vikaundwa, na mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions.

Nawakumbusha habari hizi kwa sababu moja. Silaha ya kwanza ya ushirika wetu ilikuwa kusoma. Mkulima alikataa kuambiwa na muuzaji au mnunuzi, akataka aone mshale wa mizani kwa macho yake. Leo nataka kuwaonyesha mizani nyingine, ambayo bado wengi wetu hatujajifunza kuisoma.

NG'OMBE WA MNADANI NA GARI LA MTUMBA

Hakuna Msukuma atakayenunua ng'ombe mnadani kwa kutazama rangi ya ngozi peke yake. Atamfungua kinywa ahesabu meno, atamtembeza aone kama anachechemea, atapapasa nundu, kisha atamwuliza mwenyewe: "Huyu ametoka wapi, na kwa nini unamwuza?" Lakini mtu huyo huyo akienda kununua gari lililotumika Japani, hutazama rangi, husikiliza injini, hukanyaga breki mara mbili, akatoa fedha za wanachama. Waswahili husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Najua mtaniambia kwamba magari hukaguliwa. Ni kweli. Shirika la Viwango Tanzania lina kazi ya kuhakikisha kwamba magari yaliyotumika yanayoingia nchini yanafaa kwenda barabarani, na askari wa usalama barabarani nao hukagua. Kazi hiyo ni njema na yatupasa kuiheshimu. Lakini tuelewe kazi yenyewe ni ipi. Mkaguzi hutafuta uchakavu: breki zilizokwisha, tairi zilizolika, taa zisizowaka, chesisi iliyoliwa na kutu. Kuna kasoro ya namna nyingine, ambayo haionekani kwa kutikisa gurudumu wala kwa kuwasha taa. Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa nayo.

Kasoro ya kuzaliwa hutokea pale kiwanda kinapokosea katika kuchora chombo, au katika kuchagua chuma, au katika kuunganisha sehemu fulani. Maelfu ya magari hutoka na kosa moja. Baada ya miaka miwili, au mitano, au kumi, kosa hujitokeza. Katika nchi zenye sheria kali juu ya jambo hili, kama Japani, Marekani na Uingereza, kiwanda hupaswa kuiarifu Serikali, kutangaza hadharani, na kumwandikia kila mwenye gari alirudishe likatengenezwe bila malipo. Huo ndio wito wa kurudisha gari.

Sasa fikirini. Gari limetengenezwa Japani mwaka 2005. Mwenyewe wa kwanza akalitumia, akaliuza. Likapitia mnada, likapakiwa melini, likashuka Dar es Salaam, likauzwa Mwanza, na mwisho likanunuliwa na chama cha msingi hapa Simiyu. Kiwanda kikitoa wito, barua itaandikwa kwa anwani iliyomo katika daftari la Japani. Kiwanda hakimjui Katibu wa chama chenu. Basi ikiwa barua haitatufuata sisi, hatuna budi sisi kuifuata barua.

GURUDUMU LA YOKOHAMA

Nitawapa kisa kimoja cha kweli, nacho chahusu gari ambalo kila mtoto wa Simiyu analijua kwa jina. Lori la Fuso limekuwa kwetu kama jembe. Hata lori la kampuni nyingine huitwa Fuso.

Mwezi wa Januari mwaka 2002, katika mji wa Yokohama nchini Japani, lori kubwa la Mitsubishi lilikuwa likipita barabarani. Gurudumu lake moja la mbele likachomoka, likabiringika, likampiga mama mmoja aliyekuwa akitembea kando ya njia na watoto wake wawili. Mama yule akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Kampuni ilipoulizwa ilijibu kwamba kosa ni la wenye lori, kwamba hawakulitunza vizuri. Jibu hilo lilikubalika kwa muda, maana ni nani asiyejua kwamba wenye malori huyachosha? Lakini polisi waliendelea kuchunguza. Ikaonekana kwamba habu, ile sehemu ya chuma inayoshika gurudumu kwenye ekseli, ilikuwa ikipasuka yenyewe, na kwamba magurudumu ya malori ya kampuni hiyo yalikuwa yamechomoka mara nyingi kabla ya siku ile. Mwaka 2004, miaka miwili baada ya kifo cha yule mama, Mitsubishi Fuso ilikiri kwamba habu zilikuwa na kasoro, na malori zaidi ya laki moja yakaitwa yarudishwe. Wakuu wengine wa kampuni walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Tena haikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwaka 2000 kampuni ya Mitsubishi Motors ilikuwa imekiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja, isiyapeleke Serikalini.

Sikusema haya ili kuwaogofya juu ya Fuso. Kampuni ile baadaye ilitangaza kasoro zake na kubadili habu, na lori lililobadilishwa habu lake lafanya kazi kama kawaida. Hatari imo katika lori la zamani ambalo halikuitikia wito, likauzwa, likavuka bahari, nalo leo limebeba marobota ya pamba kwenye njia ya Lamadi likiwa na habu yake ile ile. Mwenyewe hajui. Na siku gurudumu litakapochomoka, sisi sote tutasema: "Dereva hakukaza nati."

DEREVA WETU

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa naomba ruhusa niseme jambo langu mwenyewe, ambalo si la kujisifia.

Zamani kidogo nilikuwa Katibu wa chama cha msingi, ambacho sitakitaja jina. Tulinunua gari la mtumba, la kubebea fedha za msimu na dawa za pamba. Jina la kampuni yake pia sitalitaja. Lilikuwa gari zuri, na kamati ilinipongeza kwa kupata bei nafuu. Baada ya miezi michache likaanza kuzimika njiani. Linakwenda vizuri, mara injini inakufa. Likipumzishwa nusu saa linawaka tena. Mafundi wetu walilifungua na kulifunga, hawakuona kitu.

Ninyi mwajua akili ya kamati inakwenda wapi jambo kama hilo likitokea. Tukasema dereva anauza dizeli na kujazia mafuta ya taa. Tukamwita mbele ya kikao. Alisema, "Bwana Katibu, mimi sijagusa mafuta. Gari hili lina ugonjwa wake." Hatukumsikiliza. Tulimkata mshahara wa miezi miwili, kisha tukamwondoa kazini. Barua ya kumwondoa niliitia sahihi mimi.

Tukaajiri mwingine. Jioni moja katika msimu wa mvua tulikuwa watu watano ndani ya gari, tunatoka Maswa. Tulipokuwa tukilipita lori, injini ikafa. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, na mbele yetu zikatokea taa za basi. Kwa rehema ya Mungu mwenye lori alitambua, akapunguza mwendo, nasi tukajisukuma nyuma yake kwa ule mwendo uliobakia. Basi lilipita likipiga honi. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika.

Juma lililofuata nililipeleka gari Mwanza kwa fundi kijana. Hakufungua boneti kwanza. Aliniomba kadi ya gari, akanakili namba ya chesisi, akaitafuta kwenye simu yake. Baada ya dakika chache akanionyesha. Gari letu lilikuwa limeitwa lirudishwe kwa ajili ya pampu ya mafuta, miaka miwili kabla sisi hatujalinunua. Kasoro ilikuwa imeandikwa pale: pampu yaweza kusimama, na injini kuzimika gari likiwa mwendoni.

Pampu ikabadilishwa, na tangu hapo gari halikuzimika tena. Nilikwenda nyumbani kwa yule dereva wa kwanza, nikamkuta shambani akipalilia. Nilimwomba radhi, na kamati ilimrudishia mshahara wake wote. Kazi hakukubali kurudi. Aliniambia, "Fedha nimepokea, Bwana Katibu. Lakini kijiji kizima kilisikia nilipoitwa mwizi. Je, watasikia na hili?" Basi kila ninapopata nafasi ya kusema mbele ya watu, nalisema, ili lisikike.

MBOLEA ILIYOPATA UNYEVU

Wenye magari madogo msidhani maneno haya ni ya malori na pampu tu. Wito mkubwa kupita yote katika historia ya magari ulihusu mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi. Mfuko huo umekunjwa ndani ya usukani na mbele ya abiria. Gari likigonga, kemikali iliyomo katika kikopo cha chuma huwaka ghafla, hutoa gesi, na mfuko hujaa hewa kabla kichwa cha mtu hakijafika kwenye usukani. Ni chombo cha kuokoa.

Kampuni ya Takata ya Japani iliviuzia viwanda vingi vya magari vikopo vya namna hiyo, na kemikali yake ilikuwa amonia naitreti. Mkulima anajua jina hilo kwa sababu ni jamaa ya mbolea anayoitumia. Mkulima anajua pia kwamba mfuko wa mbolea ukiachwa wazi masika, hunyonya unyevu, ukaganda na kuharibika. Ndivyo ilivyokuwa ndani ya vikopo vile. Kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kemikali ilibadilika hali yake, hata ilipowashwa ikawaka upesi kupita kiasi, ikapasua kikopo, na vipande vya chuma vikaruka kama risasi kwenye uso na shingo ya aliyeketi.

Honda ilitoa wito wa kwanza mwezi wa Novemba 2008, kwa magari kama 4,000 tu. Tangu hapo wito ulipanuliwa mwaka hata mwaka, mpaka vikopo vilivyoitwa nchini Marekani peke yake vikafika milioni 67 hivi. Katika nchi hiyo zaidi ya watu 25 wamekufa kwa sababu hiyo. Huko Malaysia, nchi ya joto na mvua, vifo vilianza kuonekana mwaka 2014. Takata ilikiri kosa mahakamani mwaka 2017, na mwaka huo huo ikafilisika. Serikali ya Australia mwaka 2018 iliviamuru viwanda kubadili vikopo hivyo kwa lazima. Na Japani, tangu Mei 2018, magari yenye vikopo vya hatari ambavyo havijabadilishwa hayapewi cheti cha ukaguzi cha kuendelea kutumika barabarani humo.

Yalikuwa magari gani? Miongoni mwake zilikuwamo Toyota Corolla, Vitz na RAV4 za miaka fulani, Nissan X-Trail, Honda Fit, na Subaru Impreza. Nendeni mkatazame tena chini ya miti hapo nje. Sisemi kwamba kila gari la jina hilo ni baya. Mengi hayakuwa na kasoro, na mengi yamekwisha kubadilishwa kikopo. Lakini jina la gari halitoshi kukuambia, wala mwaka wake hautoshi. Linaloweza kukuambia ni namba ya chesisi.

JINSI YA KUSOMA MIZANI HII

Sasa nieleze kazi yenyewe, na mtaona kwamba si ya kisomo kikubwa.

Kwanza, inakili namba ya chesisi mwenyewe, kwa mkono wako. Imepigwa kwenye chuma cha gari, na mara nyingi imo pia katika kibati ndani ya boneti au kwenye mlango. Ilinganishe na kadi ya gari, na kwa gari lililotoka Japani ilinganishe pia na cheti chake cha kusafirishwa nje. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, acha kununua mpaka upate maelezo. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi: herufi na tarakimu za kutambulisha aina, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Aina moja ya Corolla iliyoenea huanza na NZE121. Magari ya Ulaya na Marekani yana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna herufi I, O wala Q. Ukiona O, jua ni sifuri umeisoma vibaya.

Pili, ipeleke namba hiyo mahali inapoweza kusomwa. Viwanda vikubwa vya Japani vina ukurasa katika tovuti zao za Kijapani ambamo huandikwa namba ya chesisi na jibu hutoka hapo hapo: kama gari limeitwa, kwa kasoro gani, na kama limetengenezwa. Lugha ni ya Kijapani, lakini simu za leo zina uwezo wa kutafsiri, na vijana wetu wanaujua. Msiitafute namba fupi ya Kijapani katika daftari la Marekani la NHTSA, kwa maana daftari hilo hupokea namba ya tarakimu 17 tu, na kimya chake hakina maana kwamba gari ni zima. Kuuliza huku hakuna malipo. Mtu akikutaka fedha nyingi kwa kazi hiyo, muage.

Tatu, mwulize mwakilishi wa kampuni hiyo nchini, ukimpa namba. Nne, fungua mlango wa dereva utazame karibu na pale mlango unaposhika. Huko Japani, gari lililotengenezwa kwa wito hubandikwa hapo karatasi ndogo yenye namba ya wito. Karatasi hiyo ikiwapo ni dalili njema, lakini isiwe ushahidi wa mwisho, maana hubanduka, na gari moja laweza kuwa na miito mitatu na karatasi moja.

Tano, ikionekana kwamba gari limeitwa na halijatengenezwa, usikate tamaa upesi wala usidharau. Kama hujalinunua, mwambie mwuzaji alitengeneze kwanza na akupe hati ya kazi iliyofanyika. Kama ni lako, mwulize mwakilishi kama atalitengeneza bila malipo, na upate jibu lake kwa maandishi, kwa kuwa gari la mtumba kutoka nje huenda likahitaji mazungumzo zaidi. Ukiona unazungushwa, iko Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina kazi ya kumlinda mlaji. Na kwa habari ya mfuko wa hewa, nawasihi sana: fundi wa kijijini asiufungue kwa bisibisi na nyundo. Kilichomo ni baruti.

Sita, rudia. Nimewaeleza kwamba wito wa Takata ulianza na magari 4,000 ukapanuliwa kwa miaka mingi. Gari lililokuwa safi mwaka juzi laweza kuitwa mwaka huu. Kuuliza mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu wa kununua pamba na baada ya msimu kwisha, hakutamchosha mtu yeyote.

YANAYOTUPASA KUFANYA KWA PAMOJA

Mkulima mmoja akiwa na pikipiki yake atafanya haya peke yake. Lakini sisi ni washirika, na jambo linalomshinda mmoja ndilo hasa tulilojiungia. Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya Mkutano huu.

La kwanza, Chama Kikuu kiwe na daftari moja la magari yote ya vyama vya msingi, matrekta na pikipiki pamoja, na katika kila mstari iandikwe namba ya chesisi, tarehe ya mwisho ya kuuliza, na jibu lililopatikana. Kijana mmoja mwenye simu aweza kuifanya kazi hiyo kwa siku chache.

La pili, kamati yoyote isiidhinishe fedha za kununua gari kabla jibu la namba ya chesisi halijawekwa mezani, pamoja na ripoti ya fundi. Liandikwe katika muhtasari wa kikao, ili atakayekuja baadaye aone.

La tatu, chama kikiuza gari lake, kimwambie mnunuzi kila kinachokijua. Tusiwatendee wengine lile ambalo mnada wa ng'ambo ulitutendea sisi. Barua isikwame tena mikononi mwetu.

La nne, nalo naliomba kwa moyo wangu wote: dereva asihukumiwe kwa ajali au kwa kuharibika kwa gari kabla namba ya chesisi haijaulizwa. Dereva mwovu yupo, nami nimewajua. Lakini kule Yokohama walilaumiwa wenye lori, na hapa Simiyu alilaumiwa mtu aliyekuwa akisema kweli. Haki kwa mtumishi ni sehemu ya ushirika kama ilivyo haki kwenye mizani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya watu wa mjini, na kwamba gari ni bahati. Wazee wetu pia waliambiwa kwamba mizani ni mambo ya wenye duka, na mkulima kazi yake ni kulima. Hawakukubali. Walisogea karibu, wakainama, wakasoma mshale ulipokuwa umesimama, na kutokana na kusoma huko kikazaliwa kitu tunachokisherehekea leo.

Nasi tukitoka hapa, kabla ya kupanda magari ya kurudi nyumbani, hebu kila mwenye gari afungue boneti, apanguse vumbi, akanakili namba yake. Atakayekuwa hana karatasi, ninazo hapa mezani, na kalamu pia.

Ushirika wetu udumu.